Glasi Zilizokorogwa

Kitu cha kwanza alichokiona aliporudi jikoni ni kijiko. Kilikuwa kando ya sinia, kimelowa mpaka kwenye mpini, ilhali yeye alikiacha kikavu ndani ya kabati. Ndipo macho yake yakapanda kwenye glasi.

Asubuhi nzima ilikuwa imeishia kwenye glasi zile. Alianza na embe. Alilisaga, akalichuja nyuzi zote, akalitia sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto mpaka likawa zito kama asali, maana lenye sukari nyingi ndilo linalokubali kukaa chini. Juu yake akaweka barafu iliyopondwa. Likafuata nanasi lililochanganywa na tui la nazi, jeupe, akilimimina taratibu juu ya mgongo wa kijiko cha chai, pumzi ameibana kama mtu anayemlaza mtoto msumbufu. Mwisho tikiti maji, lisilotiwa hata chembe ya sukari, likaelea juu, jekundu. Glasi mbili za mwanzo zilimharibikia, akazinywa harakaharaka palepale amesimama, asije akaonekana. Zilizobaki zilikubali: njano, nyeupe, nyekundu, kila rangi na mpaka wake. Alizitazama akacheka peke yake.

Kisha mlango ukagongwa, akaenda kuwakaribisha wageni sebuleni. Salamu, viti, feni. Hakukawia. Na sasa glasi zote zilikuwa na rangi moja, tena rangi isiyo na jina. Labda ile ya maji ya ndoo baada ya fundi rangi kuoshea brashi zake.

"Umerudi?" alisema mama yake, akiwa amempa mgongo, anafuta meza ya jikoni. "Nimekuta vimetuama, mwanangu. Kila kitu kimejitenga kivyake. Nikasema, akiwapelekea wageni hivi si ataaibika? Nimevikoroga vizuri, mpaka chini."

Mama yake alikuwa amekoroga maisha yake yote. Alipika uji na kuwauzia wapakuzi wa mizigo kwenye yadi ya malori, masufuria mawili makubwa kila alfajiri, na uji ukiachwa tu unatuama, wa juu maji, wa chini bonge. Mkono wa yule mama haukujua kuona kitu kimetuama ukakipita. Kwa mkono huohuo alimlea bintiye. Na kwa sababu ya masufuria hayohayo bintiye aliacha shule darasa la tano, ili ashike upawa mwingine.

Mambo hayo hapa kwenye ghorofa hakuna aliyeyajua. Wanawake wa ghorofa ile walikuwa na desturi ya kutembeleana, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na mwenyeji huandaa kitu cha kuonyesha ufundi wake. Nesi aliwahi kuoka keki ya ndizi. Mwalimu alitengeneza sambusa ndogo kama vifungo. Yeye, mke wa fundi umeme, mgeni wa juzijuzi, walimpa jina la Kimya kwa sababu alikaa pembeni akitabasamu. Siku moja walimuuliza mama yake anafanya nini. Akasema, "Biashara ya chakula." Wenyewe wakajijengea mgahawa wenye viti na vitambaa vya meza, naye akauacha usimame.

Jana jioni mama yake alifika bila taarifa, amebeba mkoba na kuku mmoja. Usiku kucha Kimya aliwaza namna ya kumwambia abaki chumbani wageni wakija. Hakupata maneno.

"Haya, tuyaone hayo maajabu!" Mlango wa jikoni ulisukumwa, akaingia jirani wa mlango wa pili, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi. "Nimekuja kubeba sinia. Kimya, si ulituambia rangi tatu? Mbona naona tope?"

Kimya alikivuta kile kijiko, akakificha nyuma ya sinia.

"Nani kafanya hivi?" Redio alimgeukia yule mama mwenye kitambaa mkononi. Akamtazama nguo iliyopauka, ndala, mikono yenye makovu ya moto. "Na huyu nani?"

"Ni msaidizi," Kimya alisema. "Nimemchukua leo tu."

Yalitoka yenyewe, mepesi, kama maneno ya mtu mwingine. Mama yake aliacha kufuta. Kwa kitambo alimtazama bintiye, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma bei ya kitu alichodhani anaweza kukinunua. Halafu akainamisha kichwa.

"Nisamehe, bosi," alisema. "Sikujua."

"Bosi!" Redio akaangua kicheko. "Kimya, umekuwa bosi! Usimlee huyo, shoga yangu, atakuchomea nyumba."

Alijinyoosha achukue sinia, lakini mama alikuwa ameshalibeba. "Mimi nipo, mama. Ndiyo kazi yangu."

Sebuleni aligawa glasi moja moja, kwa mikono miwili. Kimya alikaa ukingoni mwa kiti chake, akiyatazama magoti yake. Aliomba glasi yake impasukie mkononi, au umeme ukatike, au mumewe atokee kazini ghafla aseme, "Ah, mama mkwe, shikamoo!" na mambo yaishe bila yeye kusema neno. Mumewe hakutokea.

"Kwa macho, hapana," alisema Nesi baada ya kuonja. "Lakini kwa ulimi, jamani! Embe hilo!"

"Ukifumba macho unafaulu," Mwalimu akasema, wote wakacheka. "Kimya, usinune. Tunakutania. Na wewe dada, kaa basi, kunywa na wewe. Umesimama kama askari."

"Nitakunywa jikoni, mama. Asanteni."

"Ngoja kwanza," Redio alimshika mkono. Hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulitangulia kufika kila mahali. "Kwa umri huu bado unafanya kazi za nyumba za watu? Huna watoto?"

Kimya aliinua kichwa.

"Ninaye," mama yake alisema. "Mmoja. Wa kike."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Ameolewa, ana kwake."

"Ana kwake, na wewe unafuta meza za watu?" Redio aliweka glasi chini kwa kishindo. "Mnaona? Mnawaona watoto wa siku hizi? Mzazi anahangaika, mtu kajifungia kwake anakula vizuri. Hana hata haya!"

"Hapana, mama, usimseme hivyo." Sauti ya mama ilikuwa tulivu, ileile ya kumtuliza mpakuzi aliyekuta uji umekwisha. "Mwanangu hana ubaya. Ni mtu wa aibu tu, tangu mdogo. Mimi ndiye nilikuja bila kumwambia. Mtu ukimjia ghafla anapatwa na fadhaa."

"Bado unamtetea!" Nesi alitikisa kichwa kwa huruma. "Wazazi bwana."

Mama alichukua glasi moja iliyokwisha, akaiweka juu ya sinia. Hakumtazama Kimya. Hapo ndipo Kimya alipoelewa kwamba mama yake angeendelea hivyo mpaka mwisho. Angeosha vyombo, angewaaga wageni mlangoni kama msaidizi, kesho angeondoka, na wala asingelitaja jambo hili, si kwake, si kwa mtu yeyote. Angelibeba peke yake ili bintiye abaki na majirani zake. Kilichohitajika ni Kimya anyamaze tu, kitu ambacho kila mtu alijua anakiweza.

Alisimama. Glasi yake ilimwagika kwenye zulia, hakuna aliyeijali, maana walikuwa hawajawahi kumwona akisimama katikati ya mazungumzo.

"Dada," alimwambia Redio. "Huyo mtoto asiye na haya ni mimi."

Feni ilizunguka. Mwalimu alishusha glasi yake polepole.

"Sijamwajiri. Hatuna mgahawa. Anauza uji kwenye yadi ya malori, na mimi nilikuwa naukoroga naye. Tangu nikiwa darasa la tano, wenzangu wakipita pale, nilikuwa nainama nyuma ya sufuria wasinione." Alimgeukia yule mwanamke aliyeshika sinia. "Ulikuwa unadhani natafuta kuni. Sikuwa natafuta kuni, mama. Nilikuwa nakuonea haya."