Mwezi Ukiisha

Darasa langu la chekechea lina watoto ishirini na wawili, na asubuhi ile wote walikuwa upande wangu isipokuwa mmoja. Nilikuwa nimebandika ubaoni jua la karatasi ya njano na mwezi wa karatasi nyeupe.

"Jua hutoka lini?"

"Mchanaaa!"

"Na mwezi?"

"Usikuuu!"

"Na asubuhi pia," akasema Bibi Mdogo.

Tulimpa jina hilo kwa sababu ana miaka mitano na anaongea kama mtu aliyekwisha kuozesha watoto. Nikamwambia akae. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini, na sipendi kusahihishwa na mtu anayevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Hakukaa. Alinyoosha kidole dirishani.

"Si ule pale, Mwalimu?"

Wenzake wakakimbilia dirishani, nami nikawafuata na karipio mdomoni. Liliishia hapo hapo mdomoni. Nusu mwezi, mweupe, ulikuwa juu ya tanki la maji, saa mbili asubuhi, jua linawaka. Miaka yote hiyo sikuwahi kuinua kichwa.

"Mwalimu amekosea," nikasema. Wakanipigia makofi, utadhani nimeshinda mbio.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunatoka kila asubuhi kuuchora. Bibi Mdogo alichora kwa bidii kuliko wote.

"Unapungua," aliniambia siku ya pili, akihema kwa furaha. "Mama alisema ukiisha anarudi, si ndiyo?"

Mama yake alikuwa kozini mji mwingine, anasomea ukunga. Aliondoka tarehe mbili, na nilijua angerudi tarehe thelathini.

"Ndiyo, mama," nikamjibu huku nachonga penseli. "Mwezi ukiisha anarudi."

Mimi nilikuwa naongelea mwezi wa kwenye kalenda. Yeye alikuwa anaongelea ule wa juu.

Siku ya nne ulikuwa mwembamba kama ukucha. Siku ya tano, tarehe kumi na nane, tuliutafuta mpaka shingo zikauma. Haupo. Wengine wakanuna, Bibi Mdogo akaruka juu.

"Umeisha!"

Akavaa mkoba wake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni akitazama geti. Nilimwita aje kula, hakuja. Saa sita bado yupo. Ndipo nikakumbuka jibu langu.

Babu yake, fundi cherehani, alikuja kumchukua saa kumi akamkuta pale pale. Nikamweleza kisa chote.

"Kumbe ndiyo maana jana kanilazimisha nifue shuka za mama yake," akasema taratibu.

Ningeweza kumwachia babu kazi ile, lakini niliona aibu. Nikatoa kalenda ukutani, nikakaa na mtoto kwenye ngazi.

"Huu nao unaitwa mwezi."

Akautazama kwa dharau. "Hii ni karatasi."

"Ndiyo. Mama alikuwa anasema mwezi huu. Zimebaki siku kumi na mbili."

"Kwa hiyo mama amenidanganya."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekujibu bila kukusikiliza. Nikasirikie mimi, mama muache."

Akalia kwa sauti, kamasi na yote. Nikamkumbatia, nikajikaza kisabuni, nikashindwa. Tulilia wawili huku babu akijifanya anatafuta funguo.

Hakuchora mwezi tena. Ulirudi na kunenepa, wenzake wakanisimulia. Yeye alikata siku kwenye kalenda yangu kwa kalamu nyekundu, akibonyeza mpaka karatasi inatoboka. Mimi niliogopa kuliko yeye. Kozi huongezwa, mabasi huharibika. Siku ikipita tena bila mama kutokea, mtoto huyu atamwamini nani?

Tarehe thelathini, saa kumi kasoro, watoto walikuwa uani wakisubiri kuchukuliwa. Mmoja akapiga kelele kwamba mwezi umewahi, tena mkubwa. Vichwa vyote juu. Bibi Mdogo peke yake alikuwa anatazama geti, likafunguliwa, akaingia mama yake na begi begani na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

Mtoto hakukimbia. Alitembea mpaka kwake, akamshika sketi kwa mikono miwili.

"Ukiondoka tena, usiniambie mwezi. Niambie siku."

Mama yake akanitazama, haelewi kitu.

"Sawa, mama," akamwambia mwanawe. "Nitakuambia siku."

"Kwa vidole."

Mama akaweka begi chini, akapiga magoti, akanyoosha vidole vyote kumi.

"Siku zote hizi nipo nyumbani."

Bibi Mdogo akavihesabu kimoja kimoja, akivigusa. Vikaisha.

"Halafu?"

"Halafu tunaanza kuhesabu upya."