Besi ya Njia ya Nane

Jumamosi saa tisa alasiri, umeme wa bwawa la Mwadingusha ukiwa bado haujakatika, Hénoc aliunganisha mashine mpya ya mwangwi na mikseri ya kanisa lao pale Kikula. Waya mmoja ulipeleka sauti kwenye mashine, wa pili ukairudisha kupitia njia ya nane. Akasahau kufunga kitufe cha kutuma cha njia hiyohiyo, sauti ikawa inajirudia yenyewe na kupiga yowe, kwaya nzima ikaziba masikio. Jamani, fundi wa miaka kumi kazini! Akakifunga, akaomba radhi.

Walipoimba tena, mwangwi ulirudi na sauti nzito ya besi. Kwaya haikuwa na besi tangu Agosti, Adolphe, mwimbaji wao pekee wa besi na mume wa mwanakwaya Bibiane, alipoingia kuchimba kobalti katika shimo lililofungwa kisheria, nalo likaporomoka. Ofisi ya migodi ilisema shimo lililofungwa halina watu, kwa hiyo hakuna wa kufukuliwa. Shemeji zake Bibiane wakasema kaka yao amekimbilia Zambia na mwanamke, wakakataza kilio. Bibiane akabaki si mke si mjane, na jambo hilo lilimuuma kila siku.

"Njo Adolphe, ni yeye," alisema Bibiane. "Anachelewaka pa mustari ya pili."

Hénoc alitaka kujua. Akachomoa maikrofoni zote, besi ikaendelea. Akachomoa waya wa kutuma. Ikaendelea, tena safi zaidi.

"Kama unapenda kumuuliza, mama, nitarudisha waya ya kutuma, akusikie," alisema.

Akaurudisha pamoja na maikrofoni moja. Bibiane akainama.

"Adolphe, ulikufa?"

"Siku ileile," ilijibu njia ya nane. "Tuko bantu saba. Ambroise naye iko hapa, anasalimia mama yake. Mukuye mutuchimbe, mututoshe huku chini."

Jumanne alikuja mtu wa ofisi. Alimsikiliza Adolphe mpaka mwisho, akaomba wapunguze sauti kidogo, akaandika: mashine inafanya kazi vizuri, shimo limefungwa, hakuna watu.

Jumapili alikuja shemeji mkubwa, Gauthier. Alikaa benchi la mbele na kusikiliza nyimbo tatu.

"Muntu mwenye anaimba hivi hayakufa," alimwambia Bibiane. "Kilio ya nini?"

Na kweli, nani angembishia? Besi ilikuwa nzuri. Mchungaji alimrudishia Adolphe kiti chake, na Hénoc humpunguza kidogo asiwafunike wenye sauti ya tenori.

Bibiane sasa huja mapema kila Jumamosi. Amejifunza kuchomeka waya mwenyewe, wa kutuma kwanza, kisha wa kurudi. Havai nyeusi, hajaruhusiwa.

"Banaanza kuchimba?" huuliza Adolphe.

"Bado."

Kisha wimbo huanza, na kwenye mstari wa pili Bibiane humngoja.