Sketi ya Mdogo Wangu

Mama alisema nikivaa sketi nitajisikia mwanamke. Mimi ni fundi pancha, nashinda ndani ya ovaroli, na mchumba wangu alinipenda hivyohivyo, nimekalia rimu, mikono myeusi tii. Lakini siku hiyo mama yake alikuwa anakuja kuniona, na alishasema hataki mkwe wa suruali. Asiponikubali, basi.

Mdogo wangu aliniazima sketi yake, akanifunga zipu huku anacheka.

"Dada, pumua kidogo kidogo."

"Mnaishije humu ndani?"

"Tunatembea polepole. Ndiyo raha yake."

Raha gani? Nilijisikia mzigo uliofungwa kamba. Ila mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nikainama, kwa kadiri zipu ilivyoniruhusu.

Wageni wakaja. Nikabana magoti, nikamwamkia mama mkwe kwa sauti ndogo ambayo hata mimi siijui. Akanitazama toka juu hadi chini, akatabasamu. Moyo ukalainika. Kwa kitambo nilijiona bibi harusi, na sketi ile ikaacha kunibana.

"Mwanangu," akasema, "gari letu limepata pancha hapo nje. Hutatusaidia?"

Aliniita mwanangu. Nilitoka mbio, nikachukua vifaa vyangu barazani, nikapiga jeki. Nilipopiga magoti sketi ikapasuka ubavuni, na grisi ikamalizia. Sikujali. Nati zile nilizikaza kwa mapenzi, mjinga mimi, nikijua najipatia mama wa pili.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, pale pale nilipokuwa nimekaa, ndani ya sketi yake nyingine, akimimina chai. Mchumba wangu alipokea kikombe huku anamtazama usoni.

"Huyu sasa," mama yake alikuwa akimwambia mama yangu, "sketi imemkaa."

Mama hakubisha. Nilisubiri mchumba wangu abishe. Alipuliza chai yake. Nikasogea nikae karibu naye, labda atakumbuka mimi ni nani.

"Simama kwanza," akasema. "Utachafua kochi."

Mdogo wangu akainamisha kichwa, lakini hakuhama. Nikamgeukia mama, maana nyumbani kwetu hakuna mwingine wa kumgeukia. Macho yake yalikuwa kwenye ule mpasuko.

"Wageni wanaondoka," akasema. "Nenda kamfungulie shemeji yako geti."