Ndege Mbili

Sikuwa na lenzi ya kuvuta mbali. Sikuwa na viatu vya mpira, wala saa, wala chakula tumboni. Hata kamera haikuwa yangu. Maji ya bwawa la Kalimoni yalinifika kiunoni, na hatua nne mbele yangu yangeyange wawili weupe walikuwa wamesimama kimya, kama wanaosikiliza jambo chini ya maji.

Mwaka ulikuwa 1954. Mchana nilikuwa nikifagia studio ya picha ya Navnit mjini Thika. Jioni nilisoma darasa la watu wazima. Navnit alikuwa ameniazima kamera na kuniahidi: "Lete picha moja ya kuweka dirishani, Kilonzo. Siku hiyo wewe weka fagio chini."

Yule wa kushoto alikunja shingo. Nikaacha kupumua. Shingo ikafyatuka, na samaki akawa amekingama mdomoni, aking'aa. Ndege akatulia kidogo ili amgeuze.

Nikabonyeza.

Nilirudi kwa miguu, nimelowa, naimba. Kwenye kizuizi cha barabarani, koplo mmoja aliyeitwa Jeconia alitaka kibali cha kamera. Nilimpa kwa fahari. Nilikuwa nimekiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasani, na Navnit akatia sahihi chini: *Jumapili asubuhi nitapiga ndege mbili pale bwawani.*

Jeconia alisoma mara mbili. Siku zile ndege za vita zilipita juu yetu kwenda kuwatupia mabomu wapigania uhuru katika misitu ya Nyandarua.

"Utapiga ndege mbili?"

"Nimeshazipiga, afande."

Akakikunja kibali. "Mimi nimekulia Mombasa, mwalimu. Kwetu wenye manyoya ni wawili. Mbili zina rubani."

Nilitaka kucheka. Pingu zilinikata kicheko. Watu walikuwa wakipelekwa kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo.

Nilipelekwa kituo cha polisi, na habari zilipomfikia Navnit alikuja mbio na shati la kulalia. "Hii iko ndege ya kula samaki, bwana!" alimlilia inspekta Mzungu. "Osha filamu, ona!"

Basi ikaoshwa katika chumba chetu cha giza, Jeconia akiwa amesimama mlangoni na bunduki. Navnit alichapa picha ya yangeyange, akaitumbukiza kwenye dawa. Kwanza ukatokea weusi wa maji, kisha shingo, kisha samaki. Inspekta akasogea kuona.

"Huyu kweli hana rubani," Jeconia akasema polepole.

Nikafunguliwa. Lakini inspekta alikuwa ameipenda picha ile. Aliitia mfukoni, akachukua na filamu yake.

"Wewe iko hai," Navnit akaninong'oneza. "Nyamaza." Dirisha likabaki tupu, na Jumatatu nikafagia chini yake.

Wajukuu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Lakini Jumatatu ile jioni niliketi kuandika barua, nikaharibu karatasi tatu. Ya nne ilisema: *Bwana Inspekta, naomba unirudishie filamu yangu. Picha hiyo niliipiga mimi.* Nikatia jina langu lote, la baba na la babu.

Nikalamba gundi, nikaifunga bahasha, nikaibeba hadi posta. Niliishika kidogo kwenye mdomo wa sanduku. Kisha nikaisukuma, na nikangoja hadi nikaisikia imeanguka ndani.