Sahihi za Mpimaji wa Moshi

Binti alitia sahihi zile fomu siku za mwisho za mimba, tumbo limeshuka, hata kuinama hawezi. Yeye ndiye mpimaji wa moshi katika kiwanda cha saruji. Kila Jumatatu alipanda ngazi ya bomba kuu la moshi, akasoma kipimo, akajaza fomu ya wizara na kutia sahihi. Nchi ilikuwa imeahidi mbele ya mataifa kwamba itapunguza hewa chafu, na ripoti ya nchi ilitokana na fomu kama hizo.

"Dada, ukienda likizo ya uzazi atasaini nani?" meneja alimuuliza. "Wizara inatambua jina lako tu. Saini kumi na tatu hapa, namba tutajaza wenyewe. Au unataka kujifungulia ngazini?"

Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka. Akasaini karatasi tupu zote, huku mgongo unamuuma.

Aliporudi kazini alifungua faili la zile fomu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na nane tena. Tangu aanze kazi, kipimo cha bomba lile hakijawahi kushuka chini ya tisini.

"Wakaguzi wa mataifa wanakuja kesho," meneja akasema. "Wamezipenda namba zako."

"Zangu?"

"Hiyo sahihi ya nani, ya bibi yangu?"

Jioni alimweleza mama yake. Mama alimpakata mjukuu.

"Sema kweli."

"Nikisema kweli nimeghushi hati ya serikali, Mama. Nikinyamaza, nimeghushi vilevile."

"Sasa karatasi tupu unasaini vipi, wewe mtoto? Wangeandika umeua mtu je?"

"Waliniomba vizuri."

"Wewe nawe! Ulitaka wakuombe kwa fimbo?" Mama akasema.

Kesho yake mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, aliketi naye ofisini. Meneja alisimama mlangoni, mgongo ameuegemeza kwenye kitasa.

"Hii ya tarehe nne, ulipanda mwenyewe?"

Tarehe nne alikuwa wodini, analia uchungu, mama yake kamshika mkono. Maziwa yakamlowanisha blauzi.

"Ndiyo."

"Hongera! Kwa namba hizi nchi yenu imeongeza ahadi. Kutoka thelathini na nane, kiwanda hiki kitashuka hadi ishirini na tano. Na tumeomba mpimaji asibadilishwe kwa miaka mitano."

Meneja akapiga makofi.

Jumatatu iliyofuata alipanda. Kipimo kilisoma tisini na nne. Moshi ulimwingia machoni, na ngazi ilikuwa moja tu, ya kushukia alikosimama meneja.

"Ngapi, dada?" meneja akapaza sauti kutoka chini.

Akafuta macho, akafungua fomu.

"Thelathini na saba," akajibu, na namba hiyo akaijaza kwa mkono wake mwenyewe.