Upande Usiowaka

Kofia yenyewe ilikuwa nyeusi, imejaa vitaa na nyaya zinazoning'inia, na wazamiaji wa Chundwa walikuwa washaipa jina: pweza.

"Hii ikinishika kichwa, itatoa siri zangu?" Abubakr akauliza, akijibana kwenye kiti cha darasani.

"Zako nazijua zote," dadake Thuwaiba akamwambia. "Tulia."

Wazamiaji kumi na mmoja, wavuvi wa kamba, washapimwa kabla yake. Daktari Keziah, aliyeleta mashine kutoka bara, alitaka kujua kuzamia bila mtungi wa hewa miaka na miaka kunaufanya nini ubongo. Thuwaiba kazi yake kuwavisha na kuwahesabia. Akifika tatu, mtu anagonganisha vidole vya mkono wa kulia. Ile sehemu ya ubongo inayoendesha mkono inaitisha damu mpya yenye oksijeni, vitaa vinaiona, na kompyuta inapaka nyekundu pale tu.

Pale tu wapi! Kwa wote kumi na mmoja, kichwa kizima kiliwaka. Thuwaiba akawatania weee, akawaambia wana akili kushinda maprofesa, na Husni nahodha akatembea na sifa hiyo mtaa mzima. Siku ya pili Keziah akashika kichwa.

"Thuwaiba, wanabana pumzi. Ukihesabu tu, wanabana."

Kweli bwana. Botini ndivyo wanavyoshuka: moja, mbili, tatu, pumzi, chini. Ishawaingia mwilini. Na ukibana pumzi, hewa chafu inarundikana, mishipa ya kichwa inatanuka, damu inajaa kote. Mashine haioni mawazo. Inaona damu.

Sasa kwa Abubakr, Thuwaiba akasahau kuwa hawahesabu tena, akahesabu. Kifua cha kakake kikapanda, kikasimama. Kwenye kompyuta, upande wa kulia wa ubongo ukawa mwekundu. Kushoto, kimya.

"Ni nywele zazuia mwanga," Keziah akasema. Wakazitenga nywele. Wakahamisha vitaa, vya kulia vikaenda kushoto.

"Bana pumzi tena, Bwana Abubakr."

Kulia nyekundu. Kushoto kijivu, kama nyumba iliyohamwa.

Keziah akauliza polepole kama mkono wa kulia huwa unakufa ganzi.

"Kidogo, asubuhi. Naulalia." Abubakr akavua kofia. "Daktari, maji yatoka, boti yanisubiri."

"Leo usizamie. Mishipa upande ule haitanuki, huenda kuna mahali pameziba. Hii mashine ni ya utafiti, haiwezi kuniambia zaidi. Twende hospitali ukapigwe picha kamili."

"Nikirudi mtanipiga hata ya harusi."

Akatoka. Thuwaiba akampigia Husni simu akikimbia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haipokelewi. Alipofika ufuoni, kakake ashapanda na injini inanguruma. Akaingia majini na buibui lake mpaka magotini, akashika ukingo wa boti.

"Husni, mshushe. Damu haifiki sawa kichwani mwake. Nimeona kwa mato yangu."

"Bi Thuwaiba, pweza lako juzi liliniambia mimi ni profesa." Watu wakacheka. "Leo ndiyo wataka niliamini?"

Thuwaiba akaukaza mkono ukingoni. Maneno yalikuwa yake mwenyewe.

"Ondoa mkono, tuna ndia ndefu," Husni akasema. "Abubakr, mwambie dadako."

Lakini Abubakr alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto kuelekea miwani ya kuzamia. Wa kulia ulikuwa umelala pajani.

"Nipe ile," akasema. "Ile... sahani."

"Sahani! Huyu hajala," mmoja akadakia, na boti nzima ikaangua kicheko. Abubakr naye akacheka. Upande mmoja wa mdomo ukapanda, wa pili ukabaki pale pale.

Husni ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akamtazama rafiki yake, akamtazama Thuwaiba, akazima injini.

"Sahani," Abubakr akarudia, sasa kwa hasira, akiwaonyesha miwani kwa kidole. "Sahani. Kwani hamsikii?"