Kalamu Nyekundu ya Mama Katiba

Kwa utaratibu wa chama chao cha wanazuoni wa siasa, wagombea hutolewa nje wajumbe wakiwajadili, eti wasisengenywe wakiwepo. Ndiyo maana Mama Katiba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, viatu kavivua, miguu imemvimba, bega kwa bega na mpinzani wake.

Jina hilo alipewa kwa sababu katiba ya chama anaijua kwa kichwa. Profesa mzima, makamu wa wenyeviti watatu, na wote watatu, jamani, walikuwa wenyeviti wa kukata utepe. Mikutano aliitisha yeye, jarida alihariri yeye, wafadhili aliwabembeleza yeye. Akilalamika, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani? Zimeshaliwa na popo! Mwakani anastaafu. Safari hii aliutaka uenyekiti, aliutaka hasa, na hakuona haya kusema.

Nyumbani, meza ya chakula ilishageuka ofisi ya chama. Familia inakula sahani mapajani. Asubuhi ile binti yake alimwambia, "Mama, ukipata, sawa, tutavumilia. Ukikosa, naomba meza yetu."

Mpinzani alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyepachikwa jina la Bwana Tai kwa tai zake za kumeremeta. Mtoto wa watu hana ubaya, ila yeye na kazi ni mbingu na ardhi.

"Mwalimu, shikamoo tena," alisema, akichomoa karatasi mfukoni. "Nimeandika hotuba ya kushukuru, endapo nitapita. Naona haijakaa sawa. Hebu nitupie jicho."

Sasa niambie, nani mwingine angemwomba mpinzani wake amsahihishie hotuba ya ushindi? Na nani mwingine angekubali? Lakini kusahihisha kazi za wanafunzi maisha yako yote si mchezo. Mkono ulishaingia mkobani kutafuta kalamu nyekundu kabla kichwa hakijakataa. Akaweka mkato hapa, akapunguza majigambo pale. Alipofika aya ya mwisho, kalamu ikasimama.

"Makamu ataendelea kuwa Mwalimu wetu mpendwa, ambaye sote tunajua hachoki."

Hachoki! Akaisoma tena. Machozi yakamlenga, akayameza. Ukumbini yakasikika makofi na vicheko, na mtu akilitaja jina la Bwana Tai kwa shangwe. Uchaguzi ndio somo lake. Hakuhitaji kuhesabiwa kura. Moyo ukamshuka, na uchovu wa miaka yote ukamkalia mabegani kwa mpigo.

Akaikata sentensi ile, akaandika nyingine mbili juu yake, akamrudishia karatasi.

"Imekaa sawa, Mwalimu?"

"Imekaa."

"Asante. Sijui ningekuwa wapi bila wewe."

Akaikunja bila kuisoma. Hata enzi za uanafunzi wake masahihisho hakuwa akiyasoma, alikuwa akiyanakili tu.

Wakaitwa ndani. Bwana Tai kashinda, tena kwa mbali. Akapanda jukwaani, akaweka tai vizuri, akasoma mkato kwa mkato, na ile aya ya mwisho akaishusha kwa mbwembwe zile zile: "Mwalimu wetu amechoka, na leo anapumzika. Kazi zote alizokuwa akizifanya, nitazifanya mimi mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Katibu akaiandika ahadi hiyo kwenye muhtasari. Bwana Tai akabaki mdomo wazi, anaitazama karatasi, anamtazama Mwalimu, kama mtu aliyetwishwa gunia wakati anasubiri shada la maua. Mama Katiba alipiga makofi pamoja na wengine, polepole, kwa mikono mizito. Kushindwa kulimuuma, tena sana, asikudanganye mtu.

Alipotoka nje alimpigia binti yake simu.

"Nimekosa, mwanangu."

"Pole, Mama. Pole sana."

"Nishapoa. Hayo mafaili ya mezani yawekeni mlangoni. Mwenyekiti atakuja kuyabeba."